Mtoto Akiugua Sana, Darasa Lake Liambiwe

Katika familia zetu za ughaibuni kuna maradhi yanayotangazwa na maradhi yanayofichwa. Mtoto akivunjika mkono, wiki hiyo hiyo darasa zima linaandika majina kwenye plasta yake. Akipatikana na saratani ya damu, mwalimu anaambiwa “amesafiri kidogo.” Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Doha, na hiyo “amesafiri kidogo” nimeisikia kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongomani. Sababu zake nazielewa. Lakini nimeona pia hasara yake, na mara nyingi anayeibeba ni mtoto mwenyewe.

Makala hii ni ya wazazi wa aina mbili: yule ambaye mwanawe ni mgonjwa, na yule ambaye mwanawe anasoma na mtoto mgonjwa. Wote wawili wana kazi ya kufanya, na wanafunzi wenyewe pia wanayo.

Kwa nini tunaficha

Hofu ya kwanza ni ya makaratasi. Mtoto yuko hapa kwa ukaazi wa baba au mama, na ukaazi umefungwa kwenye ajira. Mzazi anawaza: kazini wakijua kwamba nitakuwa hospitali kila wiki, mkataba wangu utahuishwa kweli? Hofu ya pili ni maneno. Habari ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la wana-Doha asubuhi, jioni imefika Tanga, Mombasa na Bukavu, na huko kuna shangazi ambaye tayari anamjua aliyeroga.

Hofu ya tatu ndiyo kubwa zaidi, na ni neno lenyewe. Wengi wetu tumekua tukisikia saratani ikitajwa msibani tu. Picha hiyo haikuzuka bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Tofauti hiyo haitokani na damu zetu. Inatokana na kuchelewa kugundua, dawa kukosekana, na familia kukatisha matibabu kwa sababu ya nauli na umaskini. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ya watoto wanaopona ifikapo 2030, nchi zote zikihesabiwa.

Kwa hiyo mzazi aliyeko Doha anabeba picha ya nyumbani, huku mwanawe akitibiwa mahali pengine kabisa. Watoto wengi wenye saratani hapa hutibiwa Sidra Medicine, hospitali ya wanawake na watoto iliyoanza kulaza wagonjwa mwaka 2018. Kwa lukemia inayowapata watoto zaidi, ile ya chembe nyeupe changa, panapokuwa na matibabu kamili watoto wapatao tisa katika kila kumi hupona. Ila matibabu ni marefu, miaka miwili hadi mitatu. Uongo wa “amesafiri kidogo” hauwezi kudumu miaka mitatu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wahamiaji. Nyumbani mtoto akiugua ana bibi, ana binamu, ana watoto wa jirani wanaochungulia dirishani. Hapa yuko ghorofani na wazazi wawili wanaopishana zamu. Rika lake liko sehemu moja tu, nalo ni darasani. Tukilifungia darasa mlango, tumemfungia rika lote.

Mvulana wa darasa la nne

Mama mmoja rafiki yangu ameniruhusu nieleze habari za mwanawe, bila jina na bila kutaja shule. Sikumhudumia mimi kazini. Namjua kwa sababu tunakaa mtaa mmoja na mama yake. Alikuwa na miaka tisa, darasa la nne, shule yenye Wakenya, Wasudani, Wahindi na Wafilipino. Alianza kwa uchovu na homa zisizoisha, michubuko miguuni bila kuanguka. Kipimo cha damu kilionyesha lukemia. Akalazwa siku hiyo hiyo.

Shuleni waliambiwa kwamba amekwenda kumwona bibi anayeumwa. Wiki ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Ya tatu watoto wakaanza kujijazia wenyewe. Mmoja alisema baba yake amefukuzwa kazi na wamerudishwa kwao. Mwingine alisema amekufa. Mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa akiuliza kama kweli wampe pole mama yake. Simu ya mama ilikuwa mikononi mwa mtoto, akicheza mchezo kitandani. Akasoma. Akamuuliza: “Mama, kwani wanasema nimekufa?”

Mama alinipigia usiku huo. “Dada, mimi nilikuwa namkinga,” akasema. “Kumbe nimemzika.” Kesho yake akaomba kikao na mwalimu wa darasa na muuguzi wa shule, akaniomba nimsindikize ili maswali ya kitabibu nijibu mimi.

Kabla ya kikao tulimuuliza mtoto mwenyewe. Hili naomba mlishike: mtoto wa miaka tisa anajua vizuri anachotaka watu wajue. Alikubali ugonjwa utajwe kwa jina lake. Alikataa picha yoyote isionyeshwe, hasa ya kichwa. Alitaka waambiwe kwamba uso umevimba kwa dawa, si kwa kula sana, kwa sababu alijua kuna watakaocheka. Na alitaka kujua kiti chake amekalia nani.

Darasa linaambiwa nini

Jumapili, kipindi cha kwanza, mwalimu aliwaambia. Maneno hayakuwa mengi. Kwa watoto wa shule ya msingi mambo manne yanatosha.

La kwanza, jina la ugonjwa. Ukisema “anaumwa tu,” kila mtoto mwenye mafua atadhani naye atalazwa miezi. La pili, hauambukizi. Hutaupata kwa kukaa naye, kula naye au kumkumbatia. La tatu, hakuna aliyeusababisha. Watoto wadogo wana mawazo yao. Yupo atakayelala akiamini kwamba ni kwa sababu alimsukuma uwanjani. La nne, anatibiwa, dawa ni kali, na dawa hizo ndizo zinazoangusha nywele na kumchosha.

Kama mtoto akiuliza, “Atakufa?” usimwambie hapana. Mwambie: “Madaktari wanafanya kazi kubwa ili apone, na watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona.” Jibu hilo ni la kweli leo, na litabaki la kweli hata mambo yakigeuka.

Darasa lile liliuliza maswali ya kitoto na ya maana. Je, sindano zinauma? Je, anafanya mtihani? Je, kiti chake atapewa nani? Wakakubaliana kwamba kiti kikae.

Kazi ndogo, ya kila wiki

Wiki ya kwanza kila darasa lina moto: kadi kubwa, maputo, video ya kuimba. Wiki ya sita kimya. Matibabu ya miaka miwili yanahitaji kitu kidogo kisichokatika, si sherehe. Darasa lile liligawana zamu, watoto wawili kila wiki. Mmoja alipiga picha madaftari yake na kumtumia. Mwingine, kila Alhamisi wiki ya shule ikiisha, alimtumia ujumbe wa sauti wa habari za darasa: nani kang'oka jino, nani kasimamishwa nje, timu gani imefungwa. Madaftari aliyafungua siku alizokuwa na nguvu. Ule ujumbe wa Alhamisi aliusikiliza mara tatu tatu, hata siku za kutapika.

Kwingine duniani jambo hili limefanyiwa kazi kwa vyombo. Nchini Norway kampuni ya No Isolation ilitengeneza roboti ndogo iitwayo AV1 inayowekwa kwenye dawati la mtoto mgonjwa. Yeye akiwa kitandani anaona na kusikia kupitia roboti hiyo, na akitaka kujibu swali, roboti inawasha taa kichwani badala ya kunyoosha mkono. Uholanzi wana mpango wa KlasseContact unaounganisha mtoto na darasa lake kwa video. Marekani shule nyingine huweka mwanasesere wa nyani kwenye kiti cha asiyekuwepo, watoto wanatembea naye maktaba na uwanjani, wanampiga picha na kumtumia mwenzao. Kote huko lengo ni moja: nafasi ya mtoto darasani isifungwe.

Hapa Qatar hatuhitaji kununua roboti. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wetu wote walisoma kwa simu na kompyuta. Walimu wanajua namna. Kipindi kimoja kwa wiki kwa video, tena kile anachokipenda, kinatosha.

Nyumbani nako watu hawakukaa tu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na wodi ya saratani za watoto, na lina hosteli ya Ujasiri House kwa familia zitokazo mikoani. Watoto pale hupata masomo na michezo katikati ya matibabu. Mtoto wa Kigoma aliye Muhimbili miezi minane hana darasa lake karibu. Wagonjwa wenzake ndio wanaogeuka darasa.

Simu ya saa nne usiku

Baada ya miezi kadhaa ya dawa nzito, mvulana yule alianza kurudi shule siku za afadhali, kofia kichwani kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Hapo ndipo nilipoona faida ambayo hata mimi sikuitarajia iwe kubwa hivyo.

Jumanne moja, karibu saa nne usiku, mama wa mtoto wa meza ya jirani alimpigia simu mama yake. Binti yake ametoka vipele jioni ile, vinafanana na tetekuwanga. Jumatatu watoto hao walikuwa wamekaa pamoja mchana kutwa.

Tetekuwanga kwa mtoto mzima ni wiki ya kujikuna. Kwa mtoto ambaye dawa zimempunguzia kinga inaweza kuingia mapafuni, kwenye ini au kwenye ubongo. Tena mtu huanza kuiambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka. Ila kuna sindano ya kingamwili inayoweza kutolewa baada ya kukutana na mgonjwa, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Wazazi wakapiga namba ya wodi usiku ule ule, kesho asubuhi mtoto akachomwa. Hakuugua.

Yule mama alipiga simu kwa sababu alikuwa anajua. Mwalimu alikwishawaandikia wazazi wote: mwanao akipata tetekuwanga, surua, au hata homa tu, tuambie siku hiyo hiyo. Kama mtoto angekuwa “amerudi safari,” nani angempigia?

Kwa hiyo wewe mzazi wa mtoto mzima, msaada wako wa kwanza hauhitaji fedha. Kamilisha chanjo za mwanao. Akiwa na mafua au homa, abaki nyumbani. Mfundishe kunawa mikono. Na ukiona vipele, piga simu usiku huo, usingoje asubuhi.

Nawe mzazi wa mtoto aliye kwenye dawa hizo, hakikisha mwalimu anajua jambo moja: joto likifika nyuzi 38, unaitwa mara moja na mtoto anakwenda hospitali. Asipewe panadol kwanza, maana itaficha homa huku maambukizi yakiendelea.

Kunyoa vichwa, na kuomba ruhusa

Mwaka 1994, huko Oceanside, California, wavulana wa darasa la tano walinyoa vichwa vyao ili mwenzao aliyekuwa kwenye matibabu ya saratani asiwe peke yake, na mwalimu wao akanyoa pia. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Nairobi, shirika la Faraja Cancer Support Trust limekuwa na shughuli ya kunyoa vichwa iitwayo Shave to Remember, kwa ajili ya watoto wenye saratani. Ni jambo zuri, na wavulana wa darasa letu la Doha walilitaka.

Wakamuuliza kwanza. Akakataa. Alisema akiona vichwa ishirini vya upara, atakumbushwa ugonjwa mara ishirini. Yeye anataka kuwaona walivyo. Wakaacha. Badala yake Alhamisi moja kila mwenye kofia alivaa kofia. Mwingine angefurahi kunyolewa pamoja nao. Muulizeni mwenyewe, na msichana msimsahau: hata kama anavaa hijabu na hakuna anayeona, nywele zake zimekwenda naye anajua.

Fedha, damu na picha

Sisi tukisikia shida, mkono wa kwanza unakwenda kwenye mchango. Kwa Qatar hapa tahadhari. Sheria hairuhusu kukusanya michango bila kibali cha mamlaka inayosimamia shughuli za hisani, na orodha inayozunguka WhatsApp inaweza kumtia matatani aliyeianzisha. Gharama zikielemea familia, waonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ipo pia Qatar Cancer Society, iliyoanzishwa mwaka 1997, ambayo husaidia wagonjwa wasiomudu matibabu.

Darasa linaweza kutoa vitu ambavyo havihitaji kibali. Mzazi mmoja ampeleke mdogo wa mgonjwa shule na kumrudisha. Mwingine apike, chakula kilichoiva vizuri na kuletwa cha moto. Watu wazima wachangie damu kwenye kituo cha Hamad Medical Corporation, maana watoto hawa huongezewa damu na chembe sahani mara nyingi. Kama umetoka likizo nyumbani karibuni, sema. Sehemu zenye malaria lazima zitajwe, na huenda ukaambiwa usubiri.

Na picha. Kumpiga mtu picha bila ridhaa na kuisambaza ni kosa la jinai hapa. Hata pasingekuwa na sheria, uso wa mtoto mgonjwa si wa kuwekwa status.

Juni ya Doha

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitalisema, kwa sababu huko madarasa hukaa. Huku kila Juni mikataba inaisha na familia zinafunga masanduku. Rafiki mkubwa wa mvulana yule, Msudani aliyekuwa hakosi zamu yake, aliondoka hivyo. Septemba theluthi ya darasa ilikuwa sura mpya, zikiuliza kwa nini huyu anavaa kofia ndani.

Darasa likibadilika, liambiwe upya. Msidhani habari itajieneza, kwa sababu itakayojieneza ni ile ya uvumi. Safari hii mvulana aliomba aseme yeye. Alisimama, akasema anaitwa nani, ana lukemia, haiambukizi, na bado anameza vidonge ila anacheza mpira. Akakaa. Rafiki wa Khartoum alikuwa amehamia Jeddah, na ujumbe wa Alhamisi uliendelea kutoka huko.

Naongeza jambo zito. Si kila mtoto anapona. Ikitokea hivyo, darasa lililoshirikishwa tangu mwanzo liambiwe pia mwisho, na mtu mzima wanayemwamini, kwa neno lenyewe: amefariki. Si “amelala,” wala “amesafiri.” Waachwe walie, na kama wazazi wa marehemu wanakubali, wapeleke barua zao msibani. Watoto walioruhusiwa kumsindikiza mwenzao wanahuzunika sana, lakini hawaachwi na swali.

Mstari wa kuanzia

Wazazi wengi huniambia, “Nitaanzaje?” Andika ujumbe mfupi kwa mwalimu. Unaweza kunakili huu na kubadilisha:

“Mwalimu, mwanangu amepatikana na lukemia na anatibiwa. Atakosa vipindi kwa muda mrefu. Tumezungumza naye na amekubali wenzake waambiwe jina la ugonjwa, picha hataki. Haiambukizi, lakini yeye anaambukizwa kirahisi, hivyo tunaomba wazazi watuarifu mara moja kuhusu tetekuwanga, surua au homa. Tunaomba pia kiti chake kibaki, na mtoto mmoja kila wiki amtumie habari za darasa. Tunaweza kuonana Jumapili?”

Ni maneno machache, na yanafaa vilevile kwa selimundu, figo au moyo; badilisha jina la ugonjwa na mambo ya kuangalia. Msomee mwanao kabla ya kutuma, na kama kuna neno hataki, lifute.